Nanunua Picha za Watoto Waliotikisika

Wakusanyaji wengi wa picha za kale wanataka uso uliokaa wazi, macho makali, kila uzi wa nguo unahesabika. Mimi namtaka yule mtoto aliyegoma. Mkono umefutika, mguu mmoja umebaki ukungu, kichwa kina vivuli viwili kwasababu aligeuka kumtafuta mama yake kamera ikiwa wazi bado. Wauzaji wanaziita mbovu na wanazishusha bei, na hapo ndo na mimi napata nafasi, maana mshahara wa kuhudumia wazee huku Massachusetts hauwezi kushindana na watu wa New York kwenye mnada.

Nazungumzia dagerotaipu. Kwa asiyezijua, hizi ndo picha za kwanza ambazo mtu wa kawaida aliweza kwenda kupigwa na kuondoka nayo mkononi. Mfaransa Louis Daguerre ndo mwenye jina, ila alianza kazi na mwenzake Nicéphore Niépce ambaye alifariki 1833 kabla haijaiva. Ikatangazwa Paris tarehe 7 Januari 1839, alafu 19 Agosti mwaka huohuo siri yote ikamwagwa hadharani, maana serikali ya Ufaransa ilikubali kumlipa Daguerre faranga 6,000 kila mwaka na mtoto wa Niépce faranga 4,000 ili dunia nzima itumie bure. Dunia nzima isipokuwa Uingereza, kule Daguerre alikuwa ameshawahi kukata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, siku chache kabla, mjanja yule mzee.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mateso. Unachukua sahani ya shaba iliyopakwa madini ya fedha, unaisugua mpaka inakuwa kioo kabisa, unaifukiza kwa mvuke wa iodini gizani, unaiweka kwenye kamera, unafungua lenzi, unafunga, alafu unaipeleka juu ya zebaki iliyopashwa moto na mvuke wa zebaki ndo unaoivumbua sura. Baadae inaoshwa, na kuanzia 1840 wakaanza kuimwagia maji ya dhahabu ili sura ishike vizuri na rangi yake isiwe baridi sana, hiyo ni akili ya Hippolyte Fizeau. Hakuna negativu, hakuna nakala. Sahani iliyoko mkononi mwako ndo ileile iliyokaa ndani ya kamera huku mtoto akiiangalia, na hili ndo lililoniua mimi siku ya kwanza kuambiwa.

Sasa kwa watoto kulikuwa na kazi. Mwanzoni kabisa sahani ilihitaji dakika nyingi tu juani, mtu mzima mwenyewe macho yalikuwa yanamtoka machozi. New York mwaka 1840 John William Draper alimpiga dada yake Dorothy kwa sekunde 65 hivi, na hiyo ilihesabika ni haraka, na Dorothy alikuwa mwanamke mzima aliyejua kukaa. Jaribu kumwambia mtoto wa miaka 2 asipumue dakika nzima. Ndo maana picha za watoto za 1840 na 1841 ni adimu mno, ukiiona na ni ya kweli basi kaa chini kwanza unywe maji. Mambo yalibadilika na vitu viwili: lenzi ya Petzval iliyotoka Vienna 1840, ambayo ilikuwa inaingiza mwanga mwingi sana kuliko zile za mwanzo, na kuongeza bromini kwenye iodini ili sahani iwe nyepesi kushika mwanga. Miaka ya katikati ya 1840 muda ukashuka hadi sekunde, kutegemea jua, na studio nyingi zilikuwa ghorofa ya juu kabisa zenye paa la kioo ili zipate jua hilo. Hapo ndo wakinamama walipoanza kumiminika na watoto.

Na hapo ndo vituko vilipoanza pia. Mtoto anafungwa kwenye kiti kwa mkanda wa kitambaa uliofichwa chini ya gauni. Mkubwa kidogo anawekewa chuma cha kushikilia kisogo, ukiangalia vizuri chini nyuma ya miguu utaona kitako cha kile chuma. Mama anakaa pembeni, anamshika mtoto kiunoni, alafu fremu ya shaba ya njano inamkata, anabaki mkono tu. Wengine mama anafunikwa shuka zima anageuka kuwa kiti, mtoto anakaa juu ya mapaja ya shuka lenye mabega. Hizi za mama aliyefichwa ni nyingi zaidi kwenye picha za baadae, za bati na karatasi, ila kwenye dagerotaipu zipo na zikitokea watu wanapigana ngumi. Mi nacheka kila nikiziona, lakini nacheka na huruma, yaani mwanamke kalipia picha, kapanda ngazi na mtoto mgongoni, na picha yenyewe hayumo.

Ninayoipenda kuliko zote ninazo ni ndogo tu, ya saizi wanayoita sixth plate, inchi 2¾ kwa 3¼, ndo saizi iliyopendwa kuliko zote enzi zile. Watoto wawili, mkubwa kakaa utadhani jiwe, kakaza mdomo, inaonekana kaahidiwa kitu. Mdogo ana mwili, ana gauni la mistari, ana mikono iliyopangwa mapajani, kichwa hana. Kuna wingu tu la kijivu na ndani ya wingu kama macho manne. Sekunde ngapi zile hatujui, ila unazisoma pale juu ya shingo yake: alianza kwa kumuangalia mpiga picha, akachoka, akageukia mlangoni. Muuzaji alikuwa ameandika "imeharibika". Haikuharibika bwana, ndo kazi yenyewe hiyo.

Sasa niongee habari ya maiti, maana huko ndo pesa iliko na huko ndo uongo uliko.

Ni kweli kabisa watu walipiga picha watoto waliofariki. Inakadiriwa Marekani ya 1850 kama mtoto 1 kati ya 5 hakufikisha mwaka, na familia nyingi hazikuwahi kumpiga picha akiwa hai, kwahiyo siku ya msiba ndo mara ya kwanza na ya mwisho. Matangazo ya studio yalikuwa yanawaambia watu wazi washike kivuli kabla mwenyewe hajapotea. Boston hapa, Albert Southworth na Josiah Hawes, ambao kwangu ndo mafundi namba moja wa Marekani nzima, walitangaza kwamba wanapiga watoto na watu wazima papohapo na pia marehemu, studioni au wanakuja nyumbani. Mtoto analazwa kwenye kochi au mapajani kwa mama, macho yamefungwa, labda na ua mkononi. Wenzangu wa nyumbani wakinitembelea wanashtuka, dada huogopi, unaweka maiti ndani? Mimi nawauliza, na ile video ya msiba wa mjomba iliyoko kwenye simu yako, jeneza limefunguliwa na watu wanapita mmoja mmoja, ile umeipeleka wapi? Kimya.

Kwahiyo sina tatizo na picha za marehemu. Tatizo langu ni kwamba nusu ya zinazouzwa onlaini kwa jina hilo watoto wake walikuwa wazima wamelala usingizi, au wamezubaa tu. Marehemu anauzwa bei mara kadhaa ya mtoto hai, basi kila mtoto mwenye macho mazito ameuawa na muuzaji. Kuna hii hadithi inazunguka miaka yote kwamba kile chuma cha kisogo kilikuwa cha kusimamishia maiti. Jamani, kile chuma kimetengenezwa kumsaidia mtu aliyesimama mwenyewe asiyumbe, uzito wa mwili mlegevu hakiwezi, kingeanguka nao. Ukiona chuma, ujue aliyesimama mbele yake alikuwa hai, kuliko hivyo hakuna ushahidi. Kuna nyingine ya macho, kwamba yakiwa meupe sana basi yamechorwa juu ya kope za maiti. Dagerotaipu inaona sana rangi ya bluu na haioni vizuri nyekundu, kwahiyo macho ya bluu yanatoka meupe ya kutisha na nywele nyekundu zinatoka nyeusi, hiyo ni kemia tu. Au mpiga picha aligusia macho kwa rangi kwasababu mtoto alipepesa.

Na hapa ndo penzi langu la waliotikisika lina faida ya ziada, maana maiti hatikisiki. Ukiwa na kioo cha kukuzia, tafuta vidole, tafuta ncha za viatu, tafuta pindo la gauni pale kifuani. Kwa mtoto mchanga aliyelala utakuta uso umetulia kabisa ila kifua kimepoteza mistari ya nguo kwasababu alikuwa anapumua. Kuna moja niliinunua imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mtoto ni marehemu, mikono iko safi, uso uko safi, na kidole gumba cha mguu wa kulia ni moshi mtupu. Kinacheza. Nikanyamaza, nikalipa bei niliyoafikiana nae, nikaondoka. Ila kinyume chake si lazima: mtoto aliyetulia kabisa haina maana amekufa, wengine walikuwa na adabu tu, au mwanga siku hiyo ulikuwa mkali.

Mavazi nayo yanachanganya watu. Gauni halikuambii kitu, wavulana walivaa magauni mpaka miaka 4, 5, hata zaidi, ndo wakavalishwa suruali. Watu wa fani wanaangalia mstari wa nywele, wa kike kwa kawaida umepasuliwa katikati na wa kiume pembeni, na wanaangalia alichoshika, mjeledi mdogo na nyundo ni vya wavulana, mwanasesere wa msichana. Sio sheria ya msahafu lakini inasaidia. Alafu kuna shanga za marijani. Watoto wengi wa Marekani na Ulaya enzi zile wana mkufu wa marijani shingoni, na studio ilikuwa inaupaka wekundu kwa unga wa rangi na brashi nyembamba, kwahiyo kwenye picha yote ya kijivu unaona duara jekundu tu. Marijani iliaminika inamkinga mtoto na magonjwa na jicho baya. Mama yangu nilivyomwonyesha kwenye simu akasema mara moja, "Si hirizi hiyo?" Nikamwambia ndiyo mama, ni hirizi. Akaridhika. Alafu akauliza, "Na hawa watoto ni wa nani?" Nikasema wa watu tu mama, majina hayapo. Akaguna ile mguno yake.

Kitu kingine ambacho picha inakudanganya ni upande. Dagerotaipu inatoka imegeuzwa, kulia ni kushoto, isipokuwa mpiga picha alitumia prizimu au kioo cha kugeuzia ambacho kinaongeza muda, kwahiyo kwa watoto hawakuwa wanajisumbua. Vifungo viko upande usio wake, maandishi ya kitabu yanasomeka kinyumenyume.

Kuna aina ya picha za watoto ambayo siinunui, na nimebishana na watu kwa hili. Ni zile za Kusini mwa Marekani, mtoto wa kizungu amepakatwa na yaya mweusi, na kwa miaka ile na sehemu zile yaya huyo mara nyingi ni mtumwa wa nyumba hiyohiyo. Makumbusho ya Getty wanayo moja ya Thomas Easterly wa St. Louis, ya kama 1850, baba na mabinti zake na yaya wao, ni picha nzuri sana na ni nzito sana. Kwenye mnada hizi zinapanda bei kupita kiasi. Wanaonibishia wanasema bora zinunuliwe na mtu mweusi kuliko mwingine, na wana hoja, lakini mimi ile hali ya kunyoosha mkono kuongeza dola juu ya uso wa mwanamke ambaye aliwahi kuuzwa hivyohivyo siiwezi. Harvard walishikilia miaka na miaka zile sahani za watumwa zilizopigwa South Carolina 1850 kwa ajili ya profesa wao Louis Agassiz, akiwemo mzee Renty na binti yake Delia, mpaka mwanamke anayesema ni kizazi chao akawapeleka mahakamani na 2025 ndo wakakubali kuziachia ziende makumbusho ya Charleston. Mahali pake ni huko, sio kwenye kabati langu.

Na ili msidhani kwamba watu weusi walikuwa upande mmoja tu wa kamera: Augustus Washington alikuwa na studio yake Hartford, Connecticut, saa moja na kidogo tu kwa gari kutoka ninapokaa, watu wa heshima wa mji walipanga foleni kwake, alafu 1853 akahamia Liberia na kamera yake akaendelea kupiga Monrovia. Pwani yetu nako haikusubiri sana, meli ya Kifaransa Ducouëdic ya nahodha Charles Guillain ilizunguka Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848 ikiwa na vifaa vya dagerotaipu, na picha za albamu yake iliyochapishwa baadae nyingine zilichorwa kufuata sahani hizo.

Turudi sokoni. Mimi nanunua zaidi Brimfield, ule mnada mkubwa wa vitu vya kale wa barabarani unaofanyika mara tatu kwa mwaka, mwezi wa tano, wa saba na wa tisa. Meza maelfu. Jambo la kwanza ni kujua unachoshika, maana wauzaji wengi kila kitu chenye kasha la ngozi na mahameli wanakiita dagerotaipu. Inamishe: ikigeuka kioo ukajiona mwenyewe, ni yenyewe. Isipogeuka na ni ya kioo cheusi nyuma, hiyo ni ambrotaipu, zilianza miaka ya 1850. Ikivuta sumaku ni ya bati. Kununua onlaini ni shida zaidi kwasababu kupiga picha ya kioo ni kazi, unatumiwa picha ya simu ya muuzaji, jiko lake, na paka wake, mtoto haonekani. Mwambie aweke karatasi nyeusi yenye tundu la kamera katikati, apige kupitia hilo tundu. Asiyetaka muache.

Angalia pia umri wa vifaa. Fremu ya shaba isiyo na urembo na kasha la kawaida ni dalili ya miaka ya mwanzo, ule utepe mwembamba wa shaba unaozungushwa ukingoni ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1840, na makasha magumu meusi yenye michoro, ya unga wa mbao na lakiri, ni kuanzia 1854. Ila makasha yanabadilishwa, mtoto wa 1843 anaweza kuwa amevalishwa nyumba ya 1857, kwahiyo usimkimbilie kasha.

Alafu, tafadhali sana, usifute. Wala kwa pamba, wala kwa kitambaa cha miwani, wala kwa pumzi. Sura iko juujuu kabisa ya sahani, ukipitisha kidole umemfuta mtoto na hakuna nakala yake popote duniani. Ule ukungu wa bluu na kahawia unaoingia kutoka pembeni ni kutu ya fedha, mwache nayo. Katikati ya karne ya 20 hata makumbusho walikuwa wanaziosha kwa dawa inaitwa thiourea, zikang'aa, watu wakafurahi, miaka ikapita zikaanza kutoka madoa. Kinachobadilishwa na wanaojua ni kioo cha juu tu, kikianza kutoa vijitone kama jasho, na utepe wa karatasi unaoziba hewa.

Ukifungua kasha kwa sababu ya lazima, angalia nyuma ya sahani. Hapo ndo watu walificha vitu, kipande cha nywele kimekunjwa kwenye karatasi, jina, umri, mara chache tarehe. Jina likiwepo kazi inaanza, maana sensa ya Marekani ya 1850 ndo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru ndani ya nyumba, hata kichanga cha miezi miwili. Watumwa waliandikwa kwenye daftari lao pembeni, umri, jinsia, rangi, bila jina, kwahiyo ukipata kikaratasi nyuma ya picha ya yaya na mtoto, mtoto utamfuata mpaka kaburini na yaya utaishia nae palepale.

Nina mvulana mmoja mwenye jina. Miaka 3 hivi, gauni la miraba, mkono wa kulia umepotea wote kwenye mtikisiko, na sikio moja limechomoza vibaya sana. Nikamfuata kwenye sensa, akakua, akaoa, akapata watoto, nikafika mpaka kwa bibi mmoja anayeishi bado jimbo hilihili. Nikamwandikia barua, maana wazee wa huku barua wanazijibu. Akaomba nimtumie picha ya huyo mvulana. Akajibu kwamba ni mtoto mzuri ila sio wa kwao, kwao lile sikio lipo kweli, baba yake alikuwa nalo na yeye analo, lakini ni la kulia, huyu wangu ni la kushoto. Nikamwandikia tena kumueleza kwamba picha hizi zinatoka zimegeuka, aishike mbele ya kioo aangalie.

Barua ya tatu ilikuwa fupi. Ameangalia. Anauliza bei gani. Nimemtajia, amesema mimi mwizi, na mpaka sasa tunavutana.